Umepewa usimamizi na watu wananyamaza ukipita? Yaliyonikuta gereji Arusha

Mkuu, umesema una miaka 29, umekabidhiwa stoo yenye watu kumi na mmoja, wawili wamekuzidi umri kwa mbali, na tangu utangazwe ukiingia wote wananyamaza. Unauliza uwe mkali au mpole. Mimi ningeanza na huo ukimya.

Nilisimamia gereji ya kampuni ya utalii hapa Arusha, maeneo ya Njiro, kwa miaka sita. Land Cruiser kumi na nne. Nafasi nilipewa kwa sababu nilikuwa fundi mzuri, na hapo ndipo nilipoanza kuharibu. Mtu akichelewa kufunga bushi, namnyang'anya spana nafunga mwenyewe. Nikajiona mchapakazi kweli! Kumbe nikiwa chini ya gari moja, mengine kumi na tatu hayana msimamizi, na niliyemnyang'anya spana kesho yake anakaa kunisubiri.

Halafu nilikuwa nafoka. Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, msimu umekolea, magari yanaingia saa tatu usiku na alfajiri yanatakiwa barabarani tena. Moja likakatika springi ya nyuma karibu na Makuyuni, wageni wanne ndani, safari ya Ngorongoro. Kutafuta gari la kukodi, kuomba radhi, nusu siku ya wageni imekwenda. Nikarudi gereji natafuta wa kufukuza. Kijana aliyelikagua nikamwambia akusanye vitu vyake.

Dada wa utumishi akanishika mkono. "Kaka, mtu hafukuzwi hivyo." Akanitolea Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na kanuni zake za 2007: mtu anaandikiwa kosa lake, anapewa muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na anaruhusiwa kuja kwenye kikao cha kujitetea na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Nilikasirika. Niliona ni makaratasi ya kulinda wazembe.

Siku ya kikao kijana akaja na fundi mzee kuliko wote pale. Akaongea taratibu: "Bosi, Jumanne jioni nilikufuata nikakwambia springi ina ufa. Ulikuwa kwenye simu. Ukaniambia hutaki hadithi, unataka gari." Nikakumbuka, na maneno yalikuwa hayo hayo. Mzee naye akaongeza: "Mwanangu, siku hizi tukiona kitu kibovu tunaangaliana kwanza, nani atakwenda kukwambia."

Nilikuwa nawasimamia kwa karibu miaka miwili, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nakaa kimya hadi mtu amalize kusema. Tena kwa kulazimishwa na sheria. Kijana alibaki kazini.

Baada ya hapo tukawa na dakika kumi kila asubuhi kabla ya kazi, chai ya maziwa na chapati. Naanza mimi, nasema nilichoboronga jana: nilisahau kuagiza breki pedi, nilimpangia mtu zamu mbili mfululizo. Wiki mbili za mwanzo walikunywa chai wakaondoka. Wiki ya tatu mmoja akasema ana wasiwasi hakukaza nati za tairi la gari lililokuwa linasubiri dereva getini. Wote wakaniangalia usoni mimi, si yeye. Nikasema asante, twende tukaikague. Nakiri moyoni nilikuwa nachemka.

Mwezi uliofuata daftari la ubovu likajaa kuliko zamani, na mkurugenzi akaniita kuuliza mbona gereji imeharibika. Ilibidi nimweleze kwamba ubovu ulikuwepo siku zote, ila sasa unaandikwa. Jiandae kwa swali hilo, litakuja.

Mengine kwa kifupi. Kukaripia ni mkiwa wawili. Orodha ya zamu na saa za ziada ibandikwe ukutani, maana manung'uniko mengi ya kazini ni ya nani kapendelewa. Likizo ni siku 28 kwa mwaka kisheria, usizifanye fadhila. Sisi tulizipanga Aprili na Mei, masika, magari yamelala. Na ukali upo mahali pake: dereva aliyekuja amelewa asubuhi ya safari aliondoka, kwa utaratibu uleule wa kikao, na sikupoteza usingizi.

Wale wazee wako wawili, shikamoo iendelee kama kawaida, cheo hakiifuti. Mimi nilikuwa naamkia kwanza, kazi tunapanga baadaye, na hakuna aliyenidharau kwa hilo. Kisha mfuate mmoja wao mkiwa wawili tu, umuulize stoo ina tatizo gani ambalo msimamizi aliyepita hakuwahi kuambiwa. Akikujibu "hakuna", mshukuru, urudi wiki ijayo umuulize tena.