Kwa stajieri, wanafunzi wangu wa kazi, wanaoanza kukagua nyumba hapa Goma

Jumamosi iliyopita nilimtuma kijana wangu mmoja mtaa wa Himbi akamwangalizie mama mmoja nyumba anayotaka kununua. Akarudi baada ya dakika 40 na mistari minne: ukuta mzuri, paa zuri, umeme upo, rangi mpya. Rangi mpya! Mdogo wangu, mji huu ulitetemeka siku nyingi baada ya volkano yetu, Nyiragongo, kulipuka tarehe 22 Mei 2021. Hapa rangi mpya si sifa ya nyumba, ni swali. Nikamrudisha na nyundo ndogo. Nyuma ya kabati la sebuleni akakuta ufa unaomeza ncha ya kidole.

Sikumkaripia sana, maana mimi nimewahi kufanya baya kuliko hilo, mtalikuta mbele. Ila nimechoka kurudia maneno yale yale kwa kila kundi linalokuja. Someni, mnipunguzie kelele.

1. Ufa. Usiandike "kuna ufa" ukaishia hapo. Ukikata mshazari kutoka kona ya dirisha, mara nyingi linto (boriti ya juu ya dirisha) haipo au ni fupi. Ukionekana ndani na nje, shuka ukatazame msingi. Uchungulie: wenye vumbi na utando wa buibui umetulia zamani, wenye kingo kali na safi bado unatembea. Ukiwa na shaka bandika gipsi, andika tarehe, rudi baada ya mwezi. Gipsi ikikatika, usimpe mteja bei ya plasta, mpe bei ya kufunga shenaji, ule mkanda wa zege na nondo unaoshika kuta. Atakasirika siku hiyo, lakini mwakani atakusalimia.

2. Mabati. Funga milango na madirisha saa sita mchana, tazama juu. Kila nyota unayoiona ni tundu lililoliwa na kutu. Mvua inayopita kwenye moshi wa volkano ina asidi, na bati halina pa kukimbilia. Ulizeni pia BG ngapi, yaani namba ya unene: ikipanda, bati ni jembamba zaidi. Komisyoneri, yule dalali, atasema 28, ukilibonyeza kwa kidole gumba linalia kama kopo: hiyo ni 32.

3. Devi, yaani hesabu ya gharama za kazi. Mnaandika simiti, mchanga, mawe, mkono wa fundi, halafu mnasahau maji. Goma! Mji uko ukingoni mwa ziwa na bado maji ya kuchanganyia zege yananunuliwa kwa bidoni (madumu), yanapandishwa na mtu anayetaka kulipwa kwa kila safari. Devi yangu ya kwanza maji yaliila faida yote, na siku ya mwisho nikabeba bidoni mwenyewe huku wateja wakipita wakinisalimia, "Bosi!"

4. Fosi, yaani shimo la choo. Huku hatuchimbi udongo, tunavunja mwamba kwa burini (patasi ya chuma) na nyundo, kwa hiyo shimo lililozibika si kazi ya siku mbili. Waulize kina chake, kisha pima kwa kamba. Kwa mdomo mashimo yote yana mita tatu. Na asishuke mtu humo. Hilo linanipeleka kwenye namba inayofuata, ambayo ningependa kuiruka.

5. Chumba cha chini. Miaka mingi iliyopita mwalimu mmoja alinipa dola 30 nimwangalizie nyumba upande wa Lac Vert. Nyumba ya mawe, kuta zimenyooka mpaka nikamwonea wivu aliyejenga. Nyuma kulikuwa na chumba kilichoshuka ngazi tatu, kwa kuwa mwenyewe hakutaka gharama ya kujaza bonde. Ndani mna viti vibovu na magunia mawili ya makala (mkaa). Hakuna kitanda, na nyumba ile ilikuwa na watoto sita. Sikujiuliza.

Tochi yangu ilikuwa imekufa. Nikachuchumaa na kiberiti cha gesi nitazame kama chini ya ukuta kuna unyevu. Kikagoma. Nikakipiga mara tatu, mara nne, cheche tupu. Nikakitukana, nikamtukana na aliyeniuzia kule Birere, nikasimama. Nikakipiga tena nikiwa nimesimama, kikawaka vizuri kabisa. Nikapanda ngazi, nikaandika: "Chumba cha nyuma, kikavu."

Rudieni kusoma hapo. Chini kiligoma, juu kikawaka. Mtoto wa Mugunga anayechunga mbuzi angeelewa. Mimi, niliyekatazwa na mama yangu tangu utoto kulala mabondeni, nililaumu kiberiti! Mazuku mnaijua: gesi kaboni (kaboni dioksidi), nzito kuliko hewa, haionekani, inatafuta pa chini kama maji, na inajaa zaidi usiku upepo ukilala.

Mwalimu akahamia, chumba kile akakifanya banda la kuku. Siku ya tatu asubuhi kuku tisa wote wamelala chali. Akadhani ni ugonjwa, akanunua wengine. Wakafa nao. Kisha mtoto wake wa miaka saba alishuka kuchota makala, akainama, akaanguka. Mama yake alikuwa mlangoni. Akazuia pumzi, akamvuta mguu mpaka nje. Mtoto alipona, aliumwa kichwa siku mbili.

Baba yake hakunipigia kelele. Alinipigia simu akauliza tu, "Mufundi, kile chumba uliingia kweli?" Niliingia, Papa. Hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Tulikijaza mawe mpaka usawa wa sebule, tukamwaga dali (sakafu ya zege), tukatoboa matundu chini ya ukuta upande wa mteremko ili gesi ipate pa kutokea. Ilikula dola 870. 400 nilitoa mimi, kidogo kidogo, kwa miezi mitano, na mke wangu anaweza kuwasimulia miezi hiyo kuliko mimi. Hata hivyo sikumwahidi mwalimu kwamba mazuku imekwisha. Haizibiki, inaelekezwa tu.

Siku hizi natanguliza mshumaa kwenye kijiti kirefu. Ukizimika, usishuke kuuokota. Ukiwaka, usijitape bado, kwani gesi inaweza isizime moto na bado ikakulaza. Ulizeni majirani kuhusu kuku na mbwa. Ulizeni kwa nini chumba kizima kinalala makala.

6. Umeme. Fimbo ya arde, ya kupeleka umeme ardhini, iliyochomekwa kwenye lava kavu mara nyingi ni pambo, ipimeni. Waya uliofungwa kwa mfuko wa plastiki hauhitaji kupimwa, andika "badilisha".

7. Mjini, mahali lava ya 2002 ilipopita, watu wengi walijenga juu yake. Gonga sakafu kwa fimbo ukitembea. Ukisikia ngoma, simama hapo. Mara moja niligonga, mzee mwenye nyumba akacheka: "Hapo chini ni sebule yangu ya zamani." Alikuwa hatanii, na alinionyesha kwa kidole mahali redio yake ilipokuwa.

Jumatatu tunakwenda Kyeshero, parseli (kiwanja) iliyo bondeni. Tukutane barabarani saa kumi na mbili asubuhi, kabla upepo haujaamka. Mishumaa ninayo. Wa Himbi atabeba ngazi.