Barua kwa Mwanangu: Robo Ekari ya Nyanya Yako

Mwanangu,

Umeniuliza kama ni haki nyanya yako kumwachia dada wa kazi anayemtunza robo ekari ya shamba la Njoro, ilhali watoto wake wa kuzaa tupo. Haki tuiweke kando kwanza. Linaloninyima usingizi ni kama hiyo robo ekari itamfikia.

Unayajua ya marehemu mjomba wako. Wosia alikuwa nao, umepigwa chapa vizuri, na yule mama aliyemwogesha na kumlisha baada ya kupooza aliachiwa nyumba ya kupangisha. Lakini siku ya kutia sahihi shahidi mmoja hakutokea, wakamwita huyo mama mwenyewe kutoka jikoni aje ashuhudie. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inasema zawadi anayoachiwa shahidi, au mume au mke wa shahidi, ni batili, isipokuwa kuwe na mashahidi wengine wawili wasiofaidika. Hawakuwepo. Wosia ukasimama, zawadi yake peke yake ikaanguka. Na waliomtoa kwenye nyumba ile ni wale wale aliowapikia matangani. Mpaka leo chai ya kwao hainishuki.

Ndiyo maana nasema kila siku: maneno ya sebuleni hayafiki kortini. Najua utanijibu kwamba wosia wa mdomo unakubalika. Unakubalika, mbele ya mashahidi wawili, mradi mwenyewe afariki ndani ya miezi mitatu. Sasa nyanya yako tumpangie tarehe?

Basi auandike. Mashahidi wawili watoke nje ya familia, majirani wa kanisani watafaa. Kila mmoja amwone akitia sahihi au dole gumba, kisha atie yake mbele ya nyanya. Dada asiwe chumbani, wala asiwe yeye aliyempigia wakili simu, maana ndugu zangu watadai kwanza kwamba alimshurutisha. Pili watasema mama alikuwa ameshapotewa na akili, na hapo barua ya daktari ya wiki hiyo hiyo itasaidia sana.

Tena wosia usitunyime sisi kabisa. Mtoto, hata mwenye mvi, anaweza kuiomba korti imtengee fungu la kutosha kabla mirathi haijathibitishwa.

Shamba lenyewe lina kazi. "Kile kipande cha karibu na mto" kila mtu atakipima kwa macho yake. Iandikwe nambari iliyo kwenye hati miliki, pamoja na mchoro wa mpimaji. Kuligawa kutahitaji idhini ya bodi ya ardhi, kwa hiyo wosia useme nani atalipia mpimaji na hati mpya, la sivyo dada atakwama hapo. Mimi ningempa pesa. Au hisa za Sacco, kile chama chake cha akiba na mikopo: dada akiandikwa kwenye fomu ya mrithi, hizo hazingoji korti. Lakini pesa huisha, naye hana kwao pa kurudi... unaona, najipinga mwenyewe.

Mshahara wake uliolimbikizwa usichanganywe na zawadi. Hilo ni deni, na madeni ya marehemu hulipwa kabla warithi hawajagawana kitu.

Sasa, ni haki? Ulimi unaniwasha, lakini mimi ni mmoja wa warithi na neno langu lina harufu. Shamba ni la nyanya yako na akili anazo. Muulize yeye, asubuhi, kabla mjomba wako mdogo hajafika.

Mama yako