Programu ni ya bure, hela inatoka wapi? Jibu la fundi simu

Wakuu, salaam.

Mleta uzi anauliza inakuwaje kampuni kubwa igharamie kutengeneza programu, kisha iache msimbo wake (yale maandishi yanayoiunda programu) wazi kila mtu ajichukulie bure, na bado ipate faida. Kaongeza kwamba yeye na mwenzake wana programu ya kuhesabu dawa kwenye maduka ya dawa, na wanaogopa kuiweka wazi. Mimi ni fundi simu Kariakoo, mwaka wa kumi na moja huu, na jibu lake nililiona mezani kwangu.

Kuna mama anafuata mzigo Guangzhou. Safari moja karudi na simu mpya iliyotengenezwa kwa soko la ndani la China. Ndani ni Android, mfumo unaoiendesha simu. "Mwanangu, hebu nitazamie, naona kama nimepigwa." Nikaiwasha: inapiga, kamera safi, kioo safi. WhatsApp nikamwekea kwa faili niliyokuwa nayo, ila meseji zikawa hazilii mpaka aifungue mwenyewe. Programu ya kuita teksi ikafunguka, sehemu ya ramani ikabaki kijivu tupu. Android ilikuwepo nzima. Kilichokosekana ni Play Store, duka la programu la Google, na zile huduma za Google zinazofanya kazi chinichini, ambazo programu nyingi zinazitegemea bila mwenye simu kujua.

Hapo ndipo penye hela. Google ilinunua Android mwaka 2005, na simu ya kwanza ikaingia sokoni 2008. Msimbo wenyewe uko wazi, leseni yake inamruhusu mtengenezaji yeyote kuuchukua, kuubadilisha na kuuza simu bila kulipa senti. Lakini Play Store na huduma zake haziko kwenye huo msimbo wa wazi. Ukizitaka, unasaini mkataba. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, iliipiga Google faini ya euro bilioni 4.34, na moja ya sababu ni kwamba anayetaka Play Store alilazimika kuweka pia kisanduku cha kutafutia cha Google na kivinjari cha Chrome. Baada ya faini hiyo, Google ikaanza kuwatoza watengenezaji ada ya Play Store kwa simu zinazouzwa Ulaya. Kumbe bei ilikuwepo siku zote, ila ililipwa kwa njia ya kile kisanduku: mtu anatafuta kitu, tangazo linatokea, Google inalipwa. Ndani ya Play Store nako, mauzo ya programu kwa miaka mingi yalikuwa na makato yaliyofika asilimia 30.

Linganisha na iPhone, ambayo si ya Google. Nyaraka za mahakama ya Marekani zilionyesha kuwa mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili tu iwe ndiyo ya kwanza kutafutiwa kwenye Safari, kivinjari cha iPhone. Huo ndio ushuru wa kupita barabara ya mwenzio. Ukijua hilo, hushangai tena kwa nini mtu anajenga barabara yake na kuigawa bure.

Na Huawei yaliyoipata 2019 sote tuliyaona. Marekani iliweka vikwazo, simu zake mpya zikakosa huduma za Google. Msimbo wa Android hakuna aliyewanyang'anya, lakini wateja wangu wakaanza kuuliza kabla ya kununua: "Hii ina Play Store?"

Njia nyingine ni ya kampuni ya Red Hat. Wao wana Linux yao, mfumo wa kuendesha kompyuta, msimbo uko wazi, wanachouza ni usajili wa kila mwaka: marekebisho ya usalama kwa wakati, na mtu wa kumpigia sava (kompyuta kuu ya ofisi) ikizima. IBM iliinunua kampuni hiyo 2019 kwa dola bilioni 34.

Sasa mleta uzi, mkuu, kwenu nyie naona njia ya pili ndiyo yenu, maana ya kwanza inataka uwe na lango ambalo watu hawawezi kulikwepa, na nyie hamna. Wekeni msimbo wazi bila hofu. Mwenye duka la dawa hana muda wa kusoma msimbo, anachotaka ni stoo yake isome sawa. Uzeni kazi ya kumfungia programu, kumfundisha kijana wa kaunta, kutunza nakala za data zake, na namba inayopokelewa Jumamosi jioni. Ila someni leseni vizuri kabla ya kuchagua. Ziko zinazomruhusu mwingine achukue kazi yenu, aongeze vyake na kuvifunga, na ziko zinazomlazimu anayeisambaza aweke wazi na vya kwake. Hapo msikosee.

Yule mama nilimtoza 20,000. Android yenyewe sikumlipisha, nilimlipisha saa mbili za kumtafutia na kumwekea zile huduma mpaka ramani ikafunguka.