Maswali na majibu: Hoja yako imeandikwa kwenye muhtasari?

Kamwene, wasomaji wangu. Niliwaomba vijana wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe waniulize kuhusu nafasi yao katika maamuzi ya mazingira na tabianchi huko wanakoishi. Yamekuja mengi, nimechukua haya saba. Nilikaa kiti cha mtendaji wa kijiji miaka kumi na minne, kwa hiyo najibu kama mtu aliyeshika kalamu kwenye vikao hivyo.

Shikamoo. Nina miaka 19, naishi Makete. Mkutano wa kijiji ukiitwa nanyoosha mkono, naambiwa nisubiri wazee wamalize. Wakimaliza, watu wameshaondoka. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Kwanza ujue hujaalikwa kwa hisani. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, na unatakiwa kuitwa kila baada ya miezi mitatu. Wewe ni mjumbe kamili kama babu yako.

Tatizo lako ni kwamba unasubiri “Mengineyo”. Hiyo ni ajenda ya mwisho, jua limezama, kina mama wamekwenda kuwasha moto, na mwenyekiti anatafuta namna ya kufunga. Ajenda zenye nguvu hupangwa mapema na halmashauri ya kijiji. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mtendaji, nakala kwa mwenyekiti, siku kumi au kumi na tano kabla. Taja jambo moja tu: moto kichaa, chanzo cha maji, lolote linalokuuma, na useme unataka mkutano uamue nini. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Siku ya mkutano, hakikisha mwandishi ameandika “mkutano uliazimia”, si “kijana mmoja alichangia”. Tofauti ni kubwa. Kilichoazimiwa kinarudi mkutano unaofuata kwenye “Yatokanayo”, na hapo mwenyekiti analazimika kueleza kilipofikia. Kilichochangiwa tu kinaishia palepale chini ya mti.

Na jioni moja kabla ya mkutano, nenda nyumbani kwa mzee mmoja anayesikilizwa, umweleze. Usione ni kujipendekeza. Wazee wa huku kwetu hawapendi kushtukizwa hadharani, lakini ukimshirikisha mapema atasimama mwenyewe na kusema, “Huyu binti ana neno.”

Mimi nalima vinyungu, bustani za bondeni penye unyevu, karibu na Mto Ndembera, Mufindi. Tunaambiwa tutoke kwa sababu ya mita 60. Vijana hatuna mashamba mengine. Hii sera ya tabianchi mbona inaanza na maskini?

Hasira yako ina msingi, na swali hili nitalijibu kwa urefu kuliko mengine.

Kinyungu ndiyo benki ya kijana asiye na shamba. Kiangazi juu kumekauka, bondeni kuna unyevu. Unapanda mahindi, maharage na mboga, unapata ada ya mdogo wako. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Na Ndembera hauishii kwenu. Unashuka Usangu, maji yake yanaingia Ruaha Mkuu, yanakwenda kuzungusha mitambo ya Mtera na Kidatu. Tangu miaka ya 1990 mwanzoni, Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wanasongamana kwenye madimbwi. Wewe uliye juu unashika mlango wa maji ya watu wengi.

Kwa hiyo usipoteze nguvu kupigania kubaki ndani ya mita 60. Pigania mambo mawili: mstari uwe mmoja kwa wote, na anayeondolewa apewe pa kwenda.

Nikueleze nilichokiona. Katika kijiji kimoja nilichotumikia, ilitoka amri vinyungu vifyekwe. Vijana hawakugoma. Walikuja na kamba ya manila waliyoifunga fundo kila baada ya mita kumi, wakaomba halmashauri ya kijiji ishuke bondeni ipime pamoja nao. Mmoja alishika ncha pale ukingoni, miguu ndani ya tope, mwingine akapanda na kamba. Fundo la kwanza, la pili na la tatu yaliangukia kwenye vinyungu. La nne na la tano kwenye mikaratusi. La sita likatua katikati ya mikaratusi minene, na kila mtu pale alimjua mwenyewe. Kimya kilikuwa kizito. Mama mmoja ndiye aliyekivunja: “Na hii nayo inatoka?”

Swali lile nililiandika kama lilivyo. Likawa ajenda. Ilichukua mikutano mitatu, na maneno makali yalisemwa, lakini tulifika kwenye sheria ndogo ya kijiji: mikaratusi ndani ya mstari ivunwe na visiki visiachwe vichipue, ipandwe mivengi na miti mingine rafiki wa maji, na eneo la akiba la kijiji lipimwe vipande kwa waliotoka bondeni. Hawakupata wote. Waliopata ni wale ambao majina yao yalikuwa kwenye orodha iliyoambatanishwa na muhtasari, ndiyo maana nasisitiza karatasi.

Nanyi njia ni hiyo. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu ya sheria ndogo, mkutano mkuu unaijadili, kisha inapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Mwalikeni afisa mazingira wa wilaya, na andikieni Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ofisi zake ziko Iringa. Ulizeni pia kama kuna jumuiya ya watumia maji kwenye mto wenu, na kijana gani ni mjumbe. Kama hakuna hata mmoja, hiyo ni ajenda ya pili.

Ugonile. Niko kidato cha tatu Rungwe, nina miaka 16. Sipigi kura. Nina nafasi gani?

Ndaga, mjukuu wangu. Mkutano mkuu huwezi kupiga kura, lakini unaweza kuleta kitu ambacho wakubwa hawana: kumbukumbu. Klabu ya mazingira ya shule yenu iweke kipimo cha mvua, iandike kila asubuhi kuanzia Novemba mvua zinapoanza mpaka Mei zinapoelekea kuisha. Kikaoni kila mtu husema “mvua siku hizi zimebadilika”. Atakayeweka daftari mezani atasikilizwa tofauti. Mwalimu mlezi aliwasilishe kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Uliza pia kama wilaya yenu ina baraza la watoto.

Sisi wanachuo hapa Mbeya mjini tumeandika mapendekezo kuhusu mitaro na taka maeneo ya Mwanjelwa. Tuyapeleke wapi, na lini?

“Lini” ndiyo swali lenyewe. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na Bunge la bajeti linaanza Aprili. Vijana wengi wanaamka Aprili wakisikia bajeti kwenye redio, wakati mipango ya halmashauri imeshafungwa. Pelekeni mapendekezo yenu kati ya Oktoba na Desemba, wakati mitaa na kata zinakusanya vipaumbele.

Anzeni kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, kisha kamati ya maendeleo ya kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Kutoka hapo jambo linapanda hadi kamati ya halmashauri inayoshughulikia mazingira, halafu Baraza la Madiwani. Vikao vya Baraza viko wazi kwa wananchi. Nendeni mkakae mle, hata kimya. Diwani akiona sura kumi za wapiga kura wake pembeni, anasoma taarifa yake kwa uangalifu zaidi.

Mapendekezo yasizidi kurasa mbili, na yawe na picha ya mtaro uleule kabla na baada ya mvua. Mkinyimwa taarifa ya kiasi kilichotengwa kwa mitaro, ombeni kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 30 kujibu.

Kijijini kwetu Songwe imekuja kampuni inataka msitu wetu kwa biashara ya kaboni. Viongozi wanataka kusaini. Vijana tuseme nini?

Semeni: “Tusomewe mkataba wote, kwa Kiswahili, mbele ya mkutano mkuu.” Msitu wa kijiji ni wa kijiji, si wa mwenyekiti na mtendaji.

Sisemi mkatae. Katika biashara hii kijiji hulipwa kwa kuutunza msitu usikatwe, kwa sababu miti hushika hewa ya ukaa. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vimejenga madarasa na zahanati kwa fedha za kaboni, na nchi ina kanuni za biashara hii tangu mwaka 2022 pamoja na kituo cha kuratibu kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Lakini mikataba hii ni ya miaka mingi. Watakaoiishi ni ninyi; wanaosaini leo wengi wao watakuwa wameshapumzika. Ulizeni mkataba ni wa miaka mingapi, kijiji kinapata sehemu gani ya mapato na hulipwa lini, tutazuiwa kufanya nini msituni (kuni, asali, malisho), na moto ukiunguza msitu nani anabeba hasara. Mwanasheria wa halmashauri ausome kabla ya muhuri kugongwa. Mtu akiwaharakisha, hiyo peke yake ni sababu ya kuahirisha.

Kikundi chetu Kilolo kinataka mkopo wa asilimia kumi tuanzishe kitalu cha miche. Je, hiyo inahusiana na sera?

Inahusiana. Katika asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, nne ni za vijana. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata mpate utaratibu wa usajili. Ushauri wangu ni mmoja: kabla hamjaotesha, jueni kata yenu imepanga kupanda miti gani na wapi. Kitalu cha misindano peke yake hakitasaidia kijiji kinachotafuta miti ya vyanzo vya maji.

Mzee wangu, nina miaka 24, nimechaguliwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Mimi ndiye mdogo kuliko wote. Nianzie wapi?

Hongera sana, na nimefurahi kweli. Mwombe mtendaji buku la mihtasari la miaka mitatu nyuma, ulisome lote ofisini kwake. Utakuta maazimio ya kupanda miti, ya kulinda chanzo, ya barabara za kuzuia moto, yaliyopitishwa kwa kauli moja na hayakutajwa tena. Yanakili kwenye daftari lako, na tarehe zake. Omba pia uingie kamati ya mazingira ya kijiji. Mara nyingi haigombewi.

Kikao chako cha kwanza, mwenyekiti akifika kwenye “Yatokanayo”, nyoosha mkono, umwamkie kwa heshima, kisha usome azimio la zamani kuliko yote ambalo halijatekelezwa.