Meli iko Piraeus, niende Sounion au nibaki mjini?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi baharia wa Tanga, meli yetu iko Piraeus, bandari ya Athens, inasubiri spea, tumepewa ruhusa ya kushuka siku moja tu. Mwenzangu mmoja Mfilipino kang'ang'ania twende Sounion kuona hekalu la kale la Wagiriki, nimecheki picha naona nguzo tupu, hata paa hakuna. Hivi kweli niache kuzurura Athens nikaangalie mawe?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nenda. Ungekuwa karani ningekwambia panda Acropolis, kile kilima cha mahekalu hapo mjini, yaishe, ila we baharia na lile hekalu ni la Poseidon, mungu wao wa bahari, wameliweka juu ya genge kwenye ncha ya rasi, mita kama 60 toka majini, kwa hiyo chombo kikitoka visiwani kinaliona mapema kabla hakijakaribia Athens. Homer, mshairi wao wa kale, anasimulia kwamba mfalme Menelaus akirudi vitani Troy alifiwa na mshika usukani wake hapohapo, ikabidi asimamishe safari amzike kwanza. Afu kuna kile kisa cha mfalme Aegeus, aliona jahazi la mwanae Theseus linarudi na tanga jeusi akajua kijana kafa akajirusha baharini, kumbe dogo kasahau tu kubadili tanga! Ndo bahari ikaitwa Aegean.

Nguzo unazozidharau ni za miaka ya 440 kabla ya Kristo, manake hekalu la kabla yake Waajemi walilibomoa mwaka 480. Zilikuwa 34, zilizosimama leo ni kama nusu. Angalia rangi: marumaru ya pale haina chuma, ndo maana imebaki nyeupe na haijageuka ya asali kama ya Parthenon, lile hekalu kubwa la Acropolis. Na usithubutu kuchonga jina, la Byron yule mshairi Mwingereza lipo na linatosha, tena siku hizi wameweka kamba huingii katikati ya nguzo.

Kuna basi la KTEL, kampuni ya mabasi ya mikoani, toka Athens linafuata pwani, kama masaa mawili hivi. Ondokeni mchana mkakute jua linazama, ila kabla hamjapanda ulizeni basi la mwisho la kurudi ni saa ngapi, mkilikosa ni teksi kilomita 70 na mshahara wa baharia naujua. Beba maji na koti, ule upepo wa juu pale hauna adabu.