Miwani kichwani, funguo sijui wapi
Swali: Kila siku nasaka funguo nilizoziweka mwenyewe muda mfupi tu uliopita. Je, ubongo umeanza kuchoka?

Jibu: Pole, ndugu yangu. Jana nimetafuta miwani nyumba nzima, kumbe iko kichwani! Mara nyingi si kwamba umesahau, bali hukulihifadhi jambo lenyewe akilini tangu mwanzo. Mkono uliweka funguo huku akili ikiwaza simu. Hata kilichohifadhiwa huvuja: mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima kumbukumbu yake mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha polepole. Mimi nikiweka funguo husema kwa sauti, “Mezani, kando ya taa.” Wanangu hunicheka. Ila ukianza kusahau funguo ni za kazi gani, muone daktari.