Mahamri yaliyofungwa kwa karatasi yangu mwenyewe

Nianze na aibu yangu, ndio ushauri ukija usionekane nawapigia kelele kutoka madhabahuni. Mwaka 2010 nilikuwa kiongozi wa yuthi kwenye kanisa moja huku Kisauni, Mombasa, miaka 26, mdomo mkubwa, fulana nyekundu inayonuka jasho la wiki nzima. Kama ulikuwa Kenya wakati ule unajua nyekundu ilimaanisha nini. Katiba mpya ilikuwa inapigiwa kura tarehe 4 Agosti, wa NDIO walikuwa kijani, sisi wa LA tulikuwa nyekundu, na makanisa mengi, sio yote lakini mengi sana, yaliishika nyekundu kwa mikono miwili. Sababu zilikuwa mbili hasa, mahakama za kadhi na kile kifungu cha kutoa mimba.

Sasa mwezi wa Julai pikapu ikaleta kanisani maboksi ya karatasi, karatasi nzuri nzito, zimeandikwa LA kwa herufi nyekundu kubwa na chini yake maneno makali kuhusu Waislamu kutaka kuimeza nchi. Hatukuuliza nani amelipia. Sadaka yetu ilikuwa hata bili ya stima inaishinda, lakini maboksi manne yakashushwa na kwenye komiti nzima hakuna hata mmoja aliyesema ahsante Bwana lakini hizi zimetoka wapi. Jumamosi usiku tukagawana mitaa, mimi nikapewa mtaa wangu, nikawa nazisukuma chini ya milango mmoja baada ya mwingine, na kwa vile kulikuwa giza na nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye kesha sikuchagua, nikapitisha mpaka kwa wapangaji wa nyumba tuliyokaa, nyumba ya Kiswahili ya vyumba 8, ukumbi mmoja katikati, choo kimoja, kisima kimoja.

Jumapili asubuhi nikatoka na suti yangu nikasimama kwa jirani wa chumba cha mbele, mama mmoja wa Kiislamu aliyekuwa akipika mahamri na mbaazi pale barazani kila alfajiri. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, nipe manne. Akayatoa kwenye karai, akayatikisa yachuje mafuta, akavuta karatasi kwenye kitita kilichokuwa chini ya kigoda chake, akayafunga, akanirudishia chenji, akaniambia niwasalimie kanisani. Nilipofika stejini nikafungua. LA. Tena wino ulikuwa umeyeyuka kwa ule moto ukashika kwenye hamri la juu, herufi A imebaki mgongoni mwake kama muhuri wa posta.

Nilikula? Nilikula, njaa ilikuwa inaniuma na matatu haikuja. Lakini hiyo ibada sikusikia hata neno moja. Nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu, huyu mama amefanya makusudi ama ni karatasi tu kaipata mlangoni akaona inafaa kufungia? Uso wake haukuwa umesema chochote.

Manake kuna kitu kilikuwa kimetangulia. Tarehe 13 Juni kwenye mkutano wa maombi wa watu wa LA pale Uhuru Park, Nairobi, kulilipuka na watu kadhaa wakafa. Sisi huku Mombasa tukaanza kuwaangalia majirani kwa jicho la pembeni, na hapo hakuna aliyekuwa anajua nani kafanya. Jioni ya kesho yake huyo mama akanigongea mlango ana sahani ya wali imefunikwa na nyingine. "Poleni na msiba wenu," akasema, "mola awape subra." Nilipokea. Baada ya siku mbili nikamrudishia sahani tupu, na mtu wa pwani akisoma hapo ameshaelewa nilichofanya, sahani ya jirani hairudi tupu hata kama ni ndimu mbili utaweka, na mimi nilikuwa nimekaa pwani miaka minne siwezi kusema sikujua.

Wiki ile ya karatasi tukakutana kisimani, mimi nachota maji, yeye anaosha sufuria. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hivo huyo kadhi amekukosea nini wewe?" Nikaanza kumpa zile pointi za semina, nchi haina dini rasmi, pesa za walipa kodi, sijui nini. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza habari za bintiye, ambaye mumewe alikuwa amemwacha na watoto wawili na hatoi masurufu, na kwamba wao walienda kwa kadhi mara tatu, nauli inatoka kwenye haya haya mahamri, mpaka yule bwana akaitwa akaambiwa mbele ya watu atoe pesa kila mwezi. "Sasa mkiivunja hiyo mahakama," akasema, "wataka mwanangu nimpeleke kwenu pasta amsaidie?" Hakuwa anatania. Alikuwa anauliza kweli. Na mimi nilijua pasta hangemsaidia, hata wa kwetu wenyewe walioachwa hatukuwa tunawasaidia.

Hapo ndipo nikaanza kusoma kile nilichokuwa nakihubiri, jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla. Kumbe mahakama za kadhi hazikuwa kitu kipya, zilikuwemo kwenye katiba tangu uhuru wa 1963, kwa sababu ule ukanda wa pwani wa maili 10 ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar chini ya ulinzi wa Waingereza, na ulipounganishwa na Kenya makubaliano yakawa makadhi wabaki. Kifungu cha 170 cha katiba hii tuliyo nayo kinasema kadhi anashughulikia hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, na hapo ni kama wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kesi iende kwake. Mimi hata nikitaka kupelekwa kwa kadhi siwezi kupelekwa. Na nilikuwa nimewaambia yuthi 40 kwamba watoto wao watahukumiwa kwa sharia.

Msinielewe vibaya, hoja ya haki ilikuwepo. Kwa nini dini moja ipewe mahakama ndani ya katiba ambayo kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa? Ni swali zuri, na hata majaji watatu wa Mahakama Kuu walilikubali mwezi Mei mwaka huo huo walipoamua kwamba kuwekwa kwa makadhi kwenye katiba ya zamani hakukuwa halali. Mimi nilipiga kura ya LA na mpaka leo sijutii kura. Ninachojutia ni ile sahani na zile karatasi.

Tukashindwa vibaya, kura zaidi ya milioni 6 kwa milioni 2.8 hivi. Wale waheshimiwa waliokuwa wakija kanisani kila Jumapili kushika maiki wakapotea siku hiyo hiyo. Tarehe 27 Agosti katiba ikazinduliwa pale pale Uhuru Park, na sisi tukabaki na majirani wetu na maboksi mawili ambayo hayakuisha.

Na ile ya kutoa mimba ndiyo inaniuma zaidi. Kifungu cha 26 kinasema uhai wa mtu unaanza mimba inapotungwa, kimeandikwa hivyo wazi kabisa, halafu kinaruhusu pale maisha au afya ya mama iko hatarini au kukiwa na dharura. Sisi tulihubiri miezi mitatu juu ya hicho kifungu. Ndani ya hiyo miezi mitatu msichana mmoja wa kwaya akapata mimba. Unajua tulimfanya nini? Alivuliwa joho la kwaya, akaambiwa akae benchi la nyuma mpaka ajifungue na atubu mbele ya ushirika, na mvulana aliyehusika, ambaye kila mtu alimjua, akaendelea kupiga kinanda. Alipojifungua hakuna kamati iliyoundwa kwenda kumwona. Pikapu ya maboksi ilipatikana, pakiti ya nepi haikupatikana. Miaka kadhaa baadaye alinieleza kwamba alishauriwa na watu wawili aitoe, akakataa kwa sababu alikuwa ametuamini mahubiri yetu, halafu tuliohubiri ndio tukamwacha. Alinieleza bila hasira na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kama unaona jambo fulani ni la kufa na kupona, mimba, ndoa, watoto, lolote, angalia kwanza wewe umelitolea shilingi ngapi na saa ngapi mbali na kelele. Kama umelitolea kelele peke yake basi bado hujalipenda, umepata timu tu ya kushabikia kama mtu wa Arsenal. Na nasema hivyo mimi ni wa Arsenal.

Ingekuwa ni sisi wa Kisauni peke yetu ningenyamaza. Lakini miaka miwili tu kabla ya hapo, tarehe 1 Januari 2008, kwenye zile ghasia za baada ya uchaguzi, watu waliokimbilia kanisani Kiambaa karibu na Eldoret wakachomewa humo humo, wanawake na watoto, katika nchi ambayo pande zote mbili zinaimba tenzi zile zile. Baraza la makanisa lenyewe lilikiri mwaka huo kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande na ndio maana hawakuweza kuwaonya watu. Walikiri hadharani, na nawaheshimu kwa hilo. Halafu 2010 tukapanda jukwaani tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndio maana Septemba 2021 Askofu Mkuu Ole Sapit wa Anglikana alipowaambia wanasiasa wakiwa wamekaa hapo hapo Butere kwamba karibuni kanisani lakini mimbari si yenu, mimi nilipiga makofi peke yangu mbele ya simu. Kama wewe ni mzee wa kanisa anzia hapo, maiki isitoke mkononi mwa mtumishi, na karatasi ikiletwa na pikapu uliza nani amelipia kabla hujaishusha.

Sasa hivi vita vimehamia WhatsApp. Februari 2023 Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba shirika la kutetea mashoga na wasagaji lisinyimwe usajili, grupu la kanisa letu liliwaka usiku kucha, voisinoti za dakika saba, video za kutoka Marekani ambazo mtu hata hajui zinahusu kanisa gani, na lugha ambayo mtu hangeitumia mbele ya mamake. Mimi nilikuwa nasoma tu. Saa nne usiku nikaona mama mmoja wa idara ya wanawake, mtu wa kuomba sana, ameondoka kwenye grupu. Hakuandika kitu. Watu wakaendelea kuposti kama hawajaona.

Kesho yake nikaenda kwake. Sikuwa na hotuba, nilibeba mkate na maziwa. Akapika chai. Tukaongea bei ya mafuta, tukaongea mguu wake unaovimba, tukaongea mvua. Kama saa nzima. Nilipokuwa natafuta viatu mlangoni akasema, "Yule kijana wangu wa Nairobi huwa ananipigia kila Jumapili baada ya ibada aniulize pasta amehubiri nini." Basi. Hakuongeza, na mimi sikuuliza. Nikamwambia akipiga umwambie namsalimia, na nilikuwa naona machozi yanamlenga lakini hayakutoka.

Imani yangu kuhusu ndoa haijabadilika, najua kuna watakaouliza. Lakini katika grupu la watu 180 kuna mama wa mtu, kuna kaka wa mtu, na pengine kuna mwenyewe yuko hapo kimya anahesabu nani amecheka. Kabla ya kufowadi mimi huwa najaribu kuona sura ya mtu mmoja ninayemjua ambaye hiyo kitu itamfikia. Nisipopata sura yoyote basi najua sijui ninachozungumzia, naweka simu chini. Nikipata, naenda kumtembelea badala ya kuposti. Inachosha kuliko kuposti, nauli pia ni yako, na hakuna anayekupa emoji ya moto.

Yule mama wa mahamri alishahamia Malindi kwa mwanawe. Mwaka jana nikapata namba yake, nikampigia, tukasalimiana sana, akauliza watoto, akauliza kama nimenenepa. Nikajikaza nikamwuliza kuhusu ile Jumapili, kama alijua zile karatasi ni mimi niliyezisambaza na kama alinifungia mahamri nayo makusudi. Akanyamaza kidogo, nikasikia kikombe kinawekwa chini. Halafu akacheka mpaka akakohoa.

"Karatasi zenu zilikuwa nzuri mwanangu, nzito, hazitoboki kama gazeti," akasema. "Ile rangi tu ndo ilikuwa yaingia kwenye mahamri."